Uzi: Kwa nini mnazi hubadilika ladha kila baada ya vijiji vichache? Tanga hadi Malindi kwa gari, chakula na tembo

Kasuku wa Chumbageni #1

Wakuu habari za jioni.

Nimerudi juzi kutoka safari ya siku sita. Gari moja, watu watatu: mimi, mke wangu na shemeji yangu, ambaye hanywi kabisa na ndiye aliyeshika usukani mwanzo mpaka mwisho. Tulitoka Tanga, tukavuka Horohoro, Lunga Lunga, Msambweni, Ukunda, Likoni, Mtwapa, Kilifi, Watamu, tukaishia Malindi. Nia ilikuwa moja tu: kila tunaposimama tule kile ambacho wenyeji wanakila siku hiyo, na pale panapogemwa mnazi, yaani tembo, kinywaji cha utomvu wa mti huo, tuonje.

Sasa naleta swali. Mnazi nimeonja sehemu nne, na sehemu nne zote ni vinywaji vinne tofauti.

Wa kwanza, mbele kidogo ya Lunga Lunga, saa tatu asubuhi. Mwepesi, mtamu kama dafu, una harufu ya unga wa mahamri ulioanza kuumuka. Tulikuwa tumetoka kula mahamri na mbaazi za nazi kwa mama mmoja kando ya barabara, mbaazi zimelainika hadi zinashikana na tui, na ule mnazi ulikaa juu yake vizuri mno.

Wa pili, Msambweni, mchana. Unachoma ulimi, una povu, mke wangu akasema huu tayari ni pombe. Hapo tulikula pweza. Alikuwa mgumu kama mpira.

Wa tatu, nje ya Mtwapa, jioni. Mkali, karibu siki. Nilishindwa kumaliza.

Wa nne ndio umeniletea uzi huu. Tulipofika Mavueni tulichepuka kuelekea Kaloleni. Saa tisa alasiri, jua la utosi limekwisha kutuchoma, joto kali. Nikajua tutapata siki nyingine. Tukaletewa kwenye kibuyu na mrija, ni mtamu kuliko hata ule wa asubuhi! Tena tulikula na sima na mchunga wa nazi, mboga chungu, na ule uchungu ukautoa utamu wa mnazi nje kabisa.

Mimi naamini ni udongo. Kaloleni ni bara kidogo, hakuna chumvi ya bahari ardhini. Wajuzi karibuni mnisahihishe.

Fundi Saa #2

Picha ziko wapi mkuu? Unatutajia mbaazi saa hizi bila picha.

MgemaJr #3

Kasuku, asante kwa kufika kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Kaloleni, marehemu baba alikuwa mgema na kotama yake, kisu cha kugemea, ninayo mpaka leo. Udongo hauna neno hapa. Nikueleze kazi yenyewe ilivyo.

Mgema hupanda mnazi kwa vikato alivyochonga kwenye shina. Juu anachagua karara ambalo halijapasuka, analifunga kwa kamba lisifunguke, analikunja taratibu kwa siku kadhaa, kisha anakata ncha. Hapo ndipo utomvu unapodondoka, na chini yake anatundika kibuyu. Kila akipanda anakata tena kipande chembamba kama ukucha, maana kidonda kikikauka hakitoi kitu. Wengi hupanda asubuhi na jioni, wengine huongeza mchana.

Kwa hiyo ladha inategemea saa ngapi kimeteremshwa, na kibuyu kilioshwa vipi. Kibuyu kipya au kilichooshwa sana kwa maji ya moto na kukaushwa hutoa mnazi mtamu. Kibuyu kilichobaki na mashapo ya jana, huo unaanza kuchacha ukiwa bado juu ya mti. Wewe Kaloleni ulikuta wa mgema anayepanda mara tatu, basi. Uliteremshwa muda si mrefu kabla hamjafika.

Na mnazi unaogemwa hauzai nazi, watu wajue hilo. Karara ni ua, ukilikata umekata nazi zake. Mwenye shamba anaamua mti huu ni wa tembo, ule ni wa nazi.

Mnyalukolo #4

Nawasalimu watu wa Pwani. Mnahangaika na minazi wakati Iringa mwanzi wenyewe unatoa ulanzi bila mtu kupanda popote. Unasimama chini, unakata kichipukizi, unatega mbeta, chombo cha mwanzi, asubuhi unakunywa. Msimu wa mvua njooni muone kinywaji.

Binti wa Msambweni #5

#4 ulanzi wenu ni wa msimu, kaka. Sisi mti unatoa mwaka mzima. Lakini karibu sana Pwani, tutakupa pweza.

#1 nisikitike au nicheke? Umekula pweza mgumu Msambweni! Uliyemwendea hakumpiga. Pweza lazima apigwe mwambani mpaka mikono ilegee, kisha achemshwe kwa maji yake mwenyewe bila chumvi, chumvi mwisho kabisa. Ukiweka chumvi mapema anakaza. Halafu ndipo aingie kwenye tui.

Kasuku wa Chumbageni #6

#3 nimekuelewa na nashukuru, hiyo ya kibuyu sikuijua. Ila bado kitu kimoja kinanikatalia. Yule mzee wa Kaloleni nilimuuliza, akasema uliteremshwa asubuhi. Saa tisa alasiri una saa tisa tangu uteremke. Wa Msambweni waliniambia nao wa asubuhi, na tuliunywa saa saba. Sasa inakuwaje wenye saa nyingi uwe mtamu kuliko wenye saa chache?

Maabara #7

Niingie hapa kidogo, nimesomea sayansi ya chakula.

Utomvu wa karara ukitoka ni maji na sukari, sukari yenyewe ni kama asilimia 10 hadi 15, na hauna ukali wowote. Lakini chachu zimo hewani, kwenye kidonda cha karara, kwenye miguu ya nyuki wanaokuja kunywa, na kwenye chombo. Kwa joto la Pwani zinaanza kazi papo hapo. Chachu inakula sukari, inatoa kilevi na gesi, ndilo lile povu. Ndani ya saa chache kilevi kinaweza kufika asilimia 4. Sambamba na chachu kuna bakteria wanaotengeneza asidi, ndiyo ule mchomo wa ulimi. Ukiacha mpaka kesho, aina nyingine ya bakteria wanaopenda hewa wanageuza kilevi kuwa siki. Hakuna aliyeweka siki ndani, ni mnazi uleule umeendelea na safari yake.

Kwa hiyo MgemaJr yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Ila saa peke yake haitoshi. Kivuli kina kazi yake. Kibuyu kilichowekwa kwenye kibanda chenye hewa, juu ya mchanga uliolowa, kinachacha polepole kuliko dumu la plastiki lililokaa juani nyuma ya pikipiki. Nadhani Kaloleni ulikunywa wa kivulini na Msambweni wa juani. Wote wa asubuhi, joto tofauti.

Nahodha Mstaafu #8

Vijana mnazungumza pweza na mnazi bila kutaja bahari.

#5 umesema kweli kuhusu kumpiga, lakini hata ukimpiga, kuna siku za pweza na siku si za pweza. Wakati wa bamvua maji yanatoka mbali sana, mwamba unabaki wazi, kina mama wanaingia na vijiti vyao na wanapata pweza wa leo. Wakati wa maji mafu mwamba hauonekani, ukikuta pweza mezani huenda ni wa siku tatu au wa barafu. Kwa hiyo msafiri anayetaka pweza atazame mwezi kabla hajatazama ramani. Mwezi mchanga na mwezi mpevu, siku hizo na mbili tatu baada yake.

Na samaki vilevile. Kusi ikivuma, kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, bahari inachafuka, mashua ndogo hazivuki mwamba, mtakula changu na tasi wa ndani. Kaskazi ikiingia bahari inatulia, hapo utapata nguru na kolekole wa nje. Kasuku alisafiri mwezi gani?

Kasuku wa Chumbageni #9

#8 shikamoo mzee wangu. Tulisafiri kusi ikiwa bado ina nguvu. Malindi tulikula changu wa kupaka na alikuwa mzuri sana, nguru hatukumwona kweli. Sasa nimejua.

Somoe wa Mji wa Kale #10

Mimi sinywi, dini yangu hainiruhusu, lakini uzi wa chakula siwezi kuupita.

Naomba niwape mtazamo mwingine. Mnahesabu saa na vibuyu, hamhesabu mlichokula. Kasuku mwenyewe ametuandikia: asubuhi alikula mbaazi za tui, ni laini na zina utamu wake. Msambweni pweza, bila shaka na pilipili na ndimu. Jioni Mtwapa hakutuambia alikula nini, namwomba aseme. Kaloleni mchunga, mboga chungu. Kitu kichungu hukifanya kinachofuata kuwa kitamu, kila mpishi wa Pwani analijua hilo, ndiyo maana kahawa chungu huja na halua au tende. Ulimi wake ulikuwa umeandaliwa. Angeonja ule wa Kaloleni baada ya achari ya embe tungesoma uzi mwingine.

Na kwa wasafiri wasiokunywa kama mimi: muulizeni mgema utomvu uleule ukiwa mbichi kabisa, haujachacha, huchemshwa ukawa asali. Asali ya tembo juu ya mkate wa kumimina, hata watoto wanakula.

Kimbunga #11

#10 hapo nimesimama na wewe dada.

Kasuku wa Chumbageni #12

#10 Mtwapa nilikula viazi karai na ukwaju mwingi. Nakubali umenitikisa, maana ukwaju na kile kinywaji vyote vikali. Lakini mke wangu hakula viazi, na yeye pia alikikataa.

Baba Zuhura #13

Kumbukumbu tu. Zamani ukisafiri Mombasa kwenda Malindi chakula kikubwa kilikuwa pale Kilifi, kabla ya daraja la mkoloni kuanza kuharibika. Watu wanashuka, wananunua korosho na samaki wa kukaanga, wanaendelea.

Nahodha Mstaafu #14

#13 ndugu yangu, daraja la Kilifi si la mkoloni. Lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo tulivuka kwa pantoni, na ndiyo maana chakula kilikuwa kingi pale, kwa sababu magari yalipanga foleni na watu walikuwa na muda. Nimekula pale muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu nikisubiri zamu, na samaki wadogo waliokaangwa mpaka mifupa inatafunika. Daraja limetupa mwendo, lakini ile meza ya foleni imeondoka. Siku hizi mtu anavuka Kilifi dakika moja, hata hajageuza shingo kuyaona maji.

Baba Zuhura #15

#14 nimekubali mzee, nilichanganya na daraja la Nyali la kuelea, lile la 1931. Nilikuwa nasimuliwa na babu yangu.

Pangani Bweni #16

Hoja ya mzee hapo #14 ndiyo hasa inayonifanya nipende pantoni. Mkitoka Tanga kwenda kusini badala ya kaskazini mnapita Tongoni kwenye magofu, mnafika Pangani, mnasubiri pantoni ya kuvukia Bweni. Pale kusubiri ni sehemu ya safari. Mtu anakula, anaongea, anauliza njia, anajulishwa nani ana kamba wa leo. Barabara nzuri inatufikisha haraka mahali ambapo hatumjui mtu.

Kasuku safari ijayo njoo huku. Juisi ya mabungo ukiinywa ikiwa baridi, wali wa nazi na kisamvu, hutakumbuka mambo ya siki.

Mtu wa Chanzo #17

Mbona mnazunguka? Wahenga walishamaliza: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ule wa Kaloleni ulitiwa maji na sukari ya dukani. Wageni wana namba ya gari ya Tanzania, wanatabasamu, wanasifu, unadhani nini kitatokea? Mnazi mtamu saa tisa alasiri ni sukari ya kilo.

MgemaJr #18

#17 sikubaliani na wewe, na nitasema kwa utulivu.

Sikatai kwamba wapo wanaotia maji. Hasa mijini, mangweni kwenye vilabu vya mnazi, mnazi unapotoka mbali na umekwisha kukolea, mtu anaongeza maji ili ujaze chupa. Maji utayajua, yanaufanya uwe mwembamba na rangi yake nyeupe inafifia kama maziwa yaliyoongezwa maji. Lakini huyo alikuwa mzee wa nyumbani, mnazi wa mti wake, kwenye kibuyu. Kwetu mnazi si biashara tu. Mtu akienda kuposa anapeleka kadzama, mnazi wa wazee. Mazishini upo. Wazee wakimimina chini kwa ajili ya koma, roho za wahenga, wanamimina mnazi. Mzee wa namna hiyo kutia sukari kwenye kibuyu cha mgeni, ni aibu ambayo watoto wake wangeisikia miaka mingi.

Na ukitia sukari kwenye mnazi wenye chachu hai, chachu inaila. Baada ya nusu saa umeongeza kilevi na povu, siyo utamu. Maabara nithibitishie.

Maabara #19

#18 ni kweli sukari italiwa, ila nusu saa ni haraka mno. Kwa saa moja mbili za kwanza utaonja utamu. Kwa hiyo kwa kemia peke yake hoja ya #17 haijafa. Kwa habari za mila za Kaloleni nakuachia wewe mwenyeji.

Binti wa Msambweni #20

Mtu wa Chanzo umesahau methali nyingine: mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi mgeni akija hata wenyewe tunakula vizuri.

Mtunza Miti #21

Nimefuatilia kimya, naona hakuna aliyeuliza ni mti gani.

Kila mtu anasema mnazi, lakini Kilifi na Malindi hadi kule Tana, tembo hutolewa pia kwenye mkoma, ndugu yake mnazi. Watanzania huuita mkoche, ndio uliozaa jina la Mikocheni. Utomvu wa mkoma una ladha yake. Muuzaji wa barabarani anaweza kukuuzia huo, au mchanganyiko, na wote akauita mnazi.

Halafu minazi yenyewe haifanani. Kuna mirefu ya asili ya Pwani yetu, inachukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na kuna mifupi ya Pemba inayopendwa kwa madafu. Umri wa mti una maneno yake, na mvua ina maneno yake. Baada ya mvua kubwa utomvu unakuwa mwingi lakini mwepesi. Wakati wa ukame unatoka kidogo, mzito. Kasuku ametoka Lunga Lunga hadi Kaloleni, amepita mahali penye mvua tofauti, miti tofauti, pengine hata jamii tofauti za mti. Mpaka tujue mti, mimi siwezi kusema ni saa wala ni kibuyu.

Kasuku wa Chumbageni #22

#21 hii inanirudisha karibu na udongo wangu. Ahsante.

Mtunza Miti #23

Sijasema udongo, kaka. Nimesema mti na mvua. Mnazi unavumilia chumvi vizuri sana, ndiyo maana unasimama ufukweni ambako mihindi haisimami. Chumvi ya ardhini haipandi kama ilivyo mpaka kwenye kibuyu.

Zabibu #24

Naleta chupa nyingine mezani. Mimi ni mtu wa Dodoma, na safari zetu za Tanga na Bagamoyo huwa tunabeba mvinyo wa nyumbani. Wengi hawajui kwamba zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hatuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima anaukata tu na unaanza upya.

Nimejaribu hivi. Mwekundu wa zabibu ya Makutupora na pweza wa nazi: hapana. Ule ukakasi ukikutana na pilipili unakuwa kama kutafuna ganda la ndizi mbichi. Lakini mweupe mkavu, ukiwa baridi kabisa, na samaki wa kupaka ambaye ngozi yake imeshika moshi wa mkaa na tui limekaukia juu yake, hapo mvinyo unafanya kazi ya ndimu. Na kamba wa kuchoma vilevile. Mwekundu nauweka kwa mishkaki jioni.

Kwa hoja ya uzi: mvinyo wangu unaonja sawa Dodoma na Tanga kwa sababu umekwisha kuchacha, umechujwa na umezibwa. Mnazi wenu bado uko njiani wakati mnaunywa. Labda kosa ni kutegemea vitu hivyo viwili vifanane.

Somoe wa Mji wa Kale #25

#24 hayo maneno ya samaki wa kupaka yamenifanya niinuke niende jikoni. Ila tafadhali tui liwe la nazi iliyokunwa kwa mbuzi, siyo la kopo. Unapaka lile jepesi lenye ukwaju kwanza, kasimile, lile tui zito la kwanza, mwisho samaki akishaiva, moto ukiwa umepungua. Kasimile kwenye moto mkali hukatika, mafuta yanabaki peke yake.

Fundi Saa #26

Bado nasubiri picha.

Dereva wa Masafa #27

Mimi naomba niseme la barabarani. Kasuku amefanya jambo zuri kumwachia usukani asiyekunywa, na nimefurahi ameliandika mwanzo kabisa. Mnazi unadanganya. Ni mtamu, ni mwepesi, na mtu hajioni mpaka asimame. Halafu kama alivyoeleza Maabara, ule ulioubeba kwenye gari saa nne siyo uleule utakaounywa saa kumi. Umeongezeka nguvu ukiwa kwenye buti. Barabara ya Mombasa kwenda Malindi ina malori, pikipiki, watoto wa shule na mbuzi. Asiye na shemeji kama huyo alale hapohapo.

Jambo la pili, wanaovuka mpaka na gari la Tanzania wakumbuke kadi ya njano ya COMESA kwa ajili ya bima. Na siku hizi asiyetaka foleni ya Likoni anaweza kupitia Dongo Kundu, ingawa ukipita huko unakosa wauza mabuyu na kachri pale kivukoni.

Kimbunga #28

Kasuku hukutwambia, ulirudi na mnazi nyumbani?

Kasuku wa Chumbageni #29

#28 nilirudi na dumu la lita tano, limezibwa vizuri. Ndilo kosa. Tulipofika Msambweni likawa limefura kama mpira, shemeji akasimamisha gari, tukalifungua taratibu nje, nusu yake ikaruka. Iliyobaki imefika Tanga ikiwa siki. Mama mkwe ameifurahia, ameilowekea pilipili na maembe mabichi.

Bibi Mwanaisha #30

Siki ya mnazi ndiyo siki ya achari. Ya dukani inachoma tu, haina harufu.

Kwetu bibi yangu aliumua unga wa vibibi kwa tembo tamu, hakuna hamira ya pakiti. Anachanganya jioni, asubuhi unga umepanda hadi ukingo. Vibibi vile vilikuwa na matundu madogomadogo na ukali kwa mbali. Nimejaribu kwa hamira miaka yote, sijavipata.

Mnyalukolo #31

#30 hii imenigusa. Nitajaribu kwa ulanzi nilete majibu hapa.

Kasuku wa Chumbageni #32

Wadau, nimerejea na kitu. Wikiendi hii nimekwenda Msambweni tena, safari hii na mtihani. Nilimwomba mgema mmoja, kijana mpole sana, anigawie tembo la mti mmoja, la asubuhi moja. Nusu akaiweka kwenye kibuyu kipya nilichokwenda nacho, nusu kwenye chupa ya plastiki aliyokuwa akiitumia kila siku. Zote tukaziweka kivulini. Saa saba mchana mke wangu akaonja huku nimemfumba macho kwa kanga, baada ya kula mkate mkavu tu, ili dada Somoe asinilaumu.

Akasema mmoja ni mtamu na una uhai, mwingine umelala. Ule mtamu ulikuwa wa chupa ya plastiki.

MgemaJr #33

#32 kibuyu kipya ulikiandaa vipi? Kibuyu kibichi kina uchungu wake, lazima kilowekwe na kumwagwa mara kadhaa kabla hakijaingia mnazi.

Kasuku wa Chumbageni #34

Nilikisuuza mara moja tu.

MgemaJr #35

Basi ulionja kibuyu, hukuonja mnazi.

Maabara #36

Na usiku wa kuamkia siku hiyo, mvua ilinyesha?

Kasuku wa Chumbageni #37

Ilinyesha.

Mtunza Miti #38

Aah.

Mtu wa Chanzo #39

Na huyo kijana mpole ulimsifu kabla hajamimina au baada?

Binti wa Msambweni #40

Mwacheni. Kasuku, pweza je? Safari hii alikuwa laini?

Kasuku wa Chumbageni #41

Alikuwa laini mpaka mke wangu aliomba apikwe mwingine. Nilifuata maneno ya Nahodha, nilikwenda siku mbili baada ya mwezi mpevu. Nilimwona mama akitoka naye mwambani mwenyewe, akampiga palepale.

Somoe wa Mji wa Kale #42

Kaka, hukujibu swali ambalo sijauliza bado. Yule mama wa mahamri na mbaazi, mbele ya Lunga Lunga, anakaa wapi hasa? Mume wangu ana safari ya Tanga mwisho wa mwezi.

Kasuku wa Chumbageni #43

Ukitokea mpakani kuja Mombasa ni upande wa kushoto, chini ya mwembe mkubwa, ana meza moja na benchi mbili. Mume wako atakuwa anatoka kwenu, kwa hiyo kwake ni kulia. Afike kabla ya saa tatu asubuhi. Mbaazi zikiisha hapiki nyingine.

Somoe wa Mji wa Kale #44

Atalala Ukunda.